Mila ya Nani?



 

Ndugu Waislamu, miezi michache iliyopita nilihudhuria mazishi katika kijiji kimoja cha milimani, juu ya mji wa Same, upande ule wa mashamba ya tangawizi. Marehemu alikuwa mzee wa swala tano. Alioshwa, akakafiniwa, akaswaliwa na kuzikwa kabla ya alasiri, na hakuna aliyethubutu kuleta jambo lisilokuwamo katika Sunna. Hata kijana mmoja aliyetaka kuinua sauti kwa kilio alinyamazishwa kwa upole na wazee wenyewe. Nikamshukuru Allah kwa jinsi mafundisho yalivyokwishaingia katika nyumba za watu wetu.

Siku ya nne wanaukoo walikaa kikao. Marehemu alikuwa ameacha mke mmoja, wana wawili wa kiume na mabinti watatu, nyumba, na shamba la kama eka nne lenye tangawizi, migomba na mibuni michache ya zamani. Ndugu yake mdogo, ambaye ndiye aliyeongoza kikao, alisema kuwa jambo la shamba halina mjadala mrefu. Shamba la ukoo haliendi na mabinti, kwa kuwa binti huolewa akaenda kwa watu. "Hiyo ndiyo mila yetu," akamaliza. Watu wakaitikia kwa vichwa, na miongoni mwao walikuwamo wanaoihifadhi Suratun-Nisaa kwa moyo.

Ndipo binti mkubwa wa marehemu alipoomba ruhusa. Akasema kwa adabu, huku macho yake yakiwa chini, "Shikamoo baba mdogo. Naomba niulize jambo moja tu. Mila ya nani?"

Kikao kikanyamaza. Mzee mmoja akasema kuwa wakubwa hawaulizwi hivyo, mwingine akasema tuahirishe, na kweli kikaahirishwa. Lakini swali lile nimeteremka nalo mlimani, na tangu siku ile halijaniacha. Kwa kuwa nimeona kuwa kila mtu katika kikao kile alilitumia neno mila kana kwamba maana yake inajulikana na imekwisha, napenda tulichunguze neno lenyewe, lilikotoka na lilivyofika kwetu.

Wengi wetu hudhani kuwa mila ni neno letu la asili, kama mlima na mto. Sivyo. Ni neno la Kiarabu, milla, nalo limo ndani ya Qur'an mara 15. Katika mara hizo, nane linamhusu Nabii Ibrahim (a.s.). Msomaji anaweza kuzitazama mwenyewe: Al-Baqara aya ya 130 na ya 135, Aali Imran aya ya 95, An-Nisaa aya ya 125, Al-An'am aya ya 161, Yusuf aya ya 38, An-Nahl aya ya 123 na Al-Hajj aya ya 78. Kote huko maana yake si nyingine ila dini, yaani ile njia ya kumpwekesha Mwenyezi Mungu aliyoisimamisha Ibrahim, na ambayo Mtume wetu (s.a.w.) aliamrishwa kuifuata.

Mara saba zilizobaki zina mafunzo yake pia. Wakubwa wa kaumu ya Nabii Shu'aib (a.s.) walimtishia kumfukuza mjini ila arejee katika milla yao. Mitume wengine waliambiwa vivyo hivyo na watu wao, kama ilivyotajwa katika Suratu Ibrahim. Vijana wa pangoni waliogopa kwamba wakigunduliwa watarudishwa kwa nguvu katika milla ya watu wa mji. Na Makuraishi walipoisikia tauhidi walisema kuwa hawajapata kuisikia katika milla ya mwisho. Kwa hiyo milla yaweza kuwa ya haki na yaweza kuwa ya batili. Neno lenyewe halihukumu. Linalohukumu ni jina linaloandamana nalo.

Hapa ndipo nilipoona kuwa swali la yule binti lilikuwa la kielimu kuliko alivyodhani mwenyewe. Katika Qur'an milla karibu kila mara inatajwa pamoja na mwenyewe: ya Ibrahim, yao, yetu, ya watu wasiomwamini Allah. Mwanachuoni wa kale Raghib al-Isfahani, katika kitabu chake cha kueleza maneno ya Qur'an, alitanabahisha tofauti baina ya dini na milla. Dini huweza kunasibishwa na Allah, na huweza kunasibishwa na mtu mmoja mmoja. Milla hunasibishwa na Mtume ambaye kwake imekuja. Basi mwenye kusema mila bila ya kumtaja mwenyewe amelitamka neno nusu.

Tazama pia Nabii Yusuf (a.s.) alipokuwa gerezani. Aliwaambia wenzake kuwa ameiacha milla ya watu wasiomwamini Allah, kisha katika aya inayofuata akasema kuwa ameifuata milla ya baba zake, Ibrahim, Is-haka na Yaakub. Hakukataa kuwa na mababu, wala hakuona haya kuwataja. Lakini aliwachagua kwa kile walichokiamini, na wale aliowaacha aliwaacha kwa sababu hiyo hiyo.

Ama kuhusu mzizi wa neno, Raghib anaurudisha katika kitendo cha amalla, yaani kumsomea mtu maneno ili ayaandike. Kitendo hicho kimo katika aya ndefu kuliko zote, Al-Baqara aya ya 282, ile ya kuandikiana deni, ambapo mdaiwa anaamrishwa amsomee mwandishi. Wataalamu wa Kiarabu wanayahesabu amalla na amla kuwa maneno mawili yenye maana moja, na katika hilo la pili ndimo lilimotoka neno imla, ambalo kila mtoto aliyepita darasa la pili analifahamu. Mwalimu anasoma, mtoto anaandika, na hana ruhusa ya kuongeza neno lake. Wapo pia wataalamu wa lugha wanaosema kuwa milla ina undugu na neno la Kiaramu lenye maana ya "neno" au "usemi". Kauli zote mbili zinaelekea upande mmoja, kwamba milla asili yake ni jambo lililosemwa na mwenye mamlaka na likapokewa lilivyo. Haikuwa mkusanyiko wa mambo ambayo watu wameyazoea.

Neno hili limesafiri sana, na kila lilipotua limevaa nguo ya wenyeji. Waturuki walilipokea kama millet. Katika dola ya Uthmaniya lilikuwa na maana ya jumuiya ya watu wa dini moja, na leo kwa Waturuki maana yake ni taifa, hata bunge lao linaitwa kwa neno hilo. Wairani nao wanasema mellat kwa maana ya taifa. Kwetu sisi waswahili lilishuka kutoka katika dini likaingia katika jadi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa na TUKI mwaka 1981 inaifasiri mila kwa mambo ya jadi na desturi, wala haitaji kabisa habari ya dini.

Kwa maoni yangu sababu yake ni nyepesi. Kiswahili kilipokea maneno mawili kwa jambo moja, dini na mila. Dini likashika kazi ya kutaja imani, na mila likabaki bila ya kazi, likaajiriwa kutaja mambo ya wazee. Si ajabu. Desturi nayo ni neno la Kiajemi, na ndugu zetu Waarabu waliolipokea kutoka huko huko huita katiba ya nchi dustur, hali sisi twalitumia hata kwa mtu mwenye desturi ya kuchelewa kikaoni. Lugha haina kosa katika hayo. Kosa linaanza pale Muislamu anaposahau kuwa neno limegeuka. Sheikh Ali Muhsin al-Barwani, Allah amrehemu, katika tarjama yake ya Qur'an iliyotoka mwaka 1995, aliliacha neno mila kama lilivyo katika aya za Ibrahim, na kwa mwenye kujua alifanya vyema. Lakini msikilizaji wa kawaida wa msikitini, akisikia mila ya Ibrahim, hupata picha ya mzee wa ukoo aliyekaa chini ya mti na bakora yake. Na akisikia mila ya ukoo, neno hilo humjia likiwa bado limebeba harufu ya utukufu lililoipata katika Kitabu. Hivyo mambo ya mababu yanapewa heshima ya wahyi pasipo mtu yeyote kukusudia.

Kiarabu kina neno jingine kwa mambo yaliyozoeleka katika jamii. Neno hilo ni 'ada, na mwenzake ni 'urf. Wanachuoni wa fiqhi wana kanuni mashuhuri isemayo kuwa ada hufanywa hakimu, na Imam Suyuti ameihesabu katika zile kanuni tano kubwa ambazo fiqhi inarejea kwazo. Maana yake ni kwamba pale ambapo sharia haikuainisha, mazoea ya watu yasiyopingana nayo huzingatiwa katika kuamua. Hapa nina neno na baadhi ya vijana wetu wa harakati, ambao wakisikia jambo la Kipare tu hukimbilia kusema bidaa. Nani atasema kuwa ndiva ni bidaa? Wazee wetu walijenga mabwawa yale madogo mlimani, maji ya kijito yakakusanywa, yakafunguliwa kwa zamu ili kila mwenye shamba apate sehemu yake, na mpangilio wa zamu ukasimamiwa na watu wa ukoo. Hiyo ni ada njema, na hakimu wa Kiislamu akiletewa ugomvi wa zamu ya maji angewauliza kwanza wazee wa ndiva. Na msaragambo je? Ni misikiti mingapi na shule ngapi katika milima hii zimeinuliwa kwa watu kutoka majumbani na majembe yao bila ya ujira? Asiyeuona Uislamu katika msaragambo namwomba aangalie tena.

Lakini neno ada nalo lilipofika Kiswahili lilikwenda kwingine. Lilianza na maana ya mazoea, likaingia katika vile vitu ambavyo kwa mazoea hutolewa, kama vile haki ya kungwi au ya mwalimu, na leo mzazi akisikia ada hupapasa mfuko. Kwa hiyo tukabaki bila ya neno safi la kutaja mazoea ya watu, na kazi yote ikaangukia juu ya mila.

Tuwatazame ndugu zetu wa mbali waliolipokea neno hilo hilo wakalihifadhi maana yake. Waislamu wa Malaysia na Indonesia husema adat. Mwenye sikio atatambua kuwa wao hubakiza ile te ya mwisho ambayo sisi tumeiacha: sisi twasema nia, wao niat, sisi umma, wao umat, sisi raia, wao rakyat. Kwao adat ni mazoea ya kabila, ni taratibu za ndoa na ardhi, hata adabu ya mtu, kwani asiyejua kukaa na watu husemwa kuwa hajui adat. Wala hawakulichanganya na neno la dini, ambalo kwao ni agama, neno la zamani la Kisanskriti. Kwa kuwa maneno yalikuwa mawili, na ugomvi baina ya mambo hayo mawili ulikuwa wazi.

Na ugomvi ulikuwapo hasa. Katika kisiwa cha Sumatra wanaishi Waminangkabau, Waislamu wanaofuata ukoo wa mama, ambao nyumba na mashamba yao ya ukoo hurithiwa upande wa wanawake. Mwaka 1803 mahujaji waliorejea Makka walianza harakati ya kurekebisha mambo, na mvutano baina yao na wakuu wa adat uligeuka vita, Waholanzi wakaingia kati, na vita havikwisha hadi mwaka 1837. Baadaye alitokea miongoni mwao Sheikh Ahmad Khatib al-Minangkabawi, aliyefariki mwaka 1916, mtu aliyefikia kuwa imamu na khatibu wa madhehebu ya Shafi katika Msikiti Mtukufu wa Makka. Mwanafunzi wake mmoja, Ahmad Dahlan, aliasisi Muhammadiyah mwaka 1912, na mwingine, Hasyim Asy'ari, alikuwa miongoni mwa waasisi wa Nahdlatul Ulama mwaka 1926. Sheikh huyu aliandika kwa ukali dhidi ya mirathi ya adat ya watu wake, kwa sababu iliwanyima watoto mali ya baba yao na kuwapa wapwa.

Tafakari hapo. Kule adat ilimpita mwana ikaenda kwa mpwa, na sheikh akasema hapana. Kwetu mila inampita binti. Aya ni ile ile. Anayedhani kuwa wito wa mirathi ya Kiislamu ni maneno ya wanawake wa mjini, au ni jambo lililoletwa na mashirika ya wafadhili, na amsome sheikh wa Makka aliyewatetea wana wa kiume kwa hoja hizo hizo. Hatimaye Waminangkabau walielekea katika mapatano: mali ya kale ya ukoo ibaki katika taratibu za ukoo, na mali ambayo mtu ameichuma mwenyewe igawiwe kwa faraidhi. Msemo wao mashuhuri wasema kuwa adat husimama juu ya sharia, na sharia juu ya Kitabu cha Allah. Wapo wanaoyalaumu mapatano hayo kuwa ni nusu njia, nami si mbali na kauli yao. Lakini angalau walijua wanapatanisha nini na nini.

Jambo jingine la kuzingatia ni nani aliyefaidika. Wataalamu wa Kiholanzi, akiwemo Snouck Hurgronje na baada yake van Vollenhoven, walifanya sheria ya adat kuwa elimu nzima, na ikawa rai ya wakoloni kuwa sharia ya Kiislamu haina nguvu kwa wenyeji ila kwa kiasi ambacho adat imeikubali. Yaani Kitabu kiombe ruhusa kwa mazoea. Waingereza katika Tanganyika hawakuwa mbali na hapo. Walitawala kupitia machifu, wakasimamisha mabaraza ya wenyeji na kuyataka yahukumu kwa sheria na mila za wenyeji, kama mila hizo zilivyoelezwa na wale waliokuwa karibu na ofisi ya bwana shauri.

Watu wa Upare hawapaswi kuwa wageni wa mchezo huu wa majina. Katika miaka ya 1940 Mamlaka ya Wenyeji ilileta kodi ya kupanda kwa kadiri ya kipato, ikapewa jina la Kipare, mbiru. Jina lilikuwa la nyumbani lakini jambo lilikuwa geni, na wazee wetu hawakudanganywa na jina. Mwaka 1945 maelfu waliteremka kutoka milimani wakakusanyika Same, makao makuu ya wilaya, wakakaa hapo kwa wiki kadhaa wakiikataa, na wanawake nao wakawa na sehemu yao katika mapambano yale, mpaka kodi ikaachwa. Profesa Isaria Kimambo ameiandika habari hii katika kitabu kilichotoka mwaka 1971, na ingefaa kisomwe katika madrasa zetu za vijana.

Basi hii mila ya mirathi inayosimama mahakamani, ni ya nani? Baada ya uhuru, mwaka 1963, serikali ilitangaza kanuni za sheria za mila kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, ili mahakama ziwe na maandishi ya kushika. Kazi ya kuzikusanya na kuzilinganisha ilitegemea sana utafiti wa Hans Cory, mtaalamu wa serikali ya kikoloni, mzaliwa wa Austria. Simdharau, alikuwa mtu wa bidii. Lakini ni yeye na wenzake waliokwenda kwa wazee, wakauliza, wakaandika, na yaliyoandikwa yakawa ndiyo mila. Kanuni hizo zinawapanga warithi kwa daraja: mwana wa kwanza wa kiume daraja la kwanza, wana wengine wa kiume la pili, na mabinti la tatu. Ardhi ya ukoo binti anaweza kuitumia, hawezi kuiuza. Mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha jamaa, na matunzo yake yamewekwa juu ya watoto wake.

Ndugu msomaji, pima hayo na aya ya 7, ya 11 na ya 12 za Suratun-Nisaa. Aya ya 7 inasema kuwa wanaume wana fungu na wanawake wana fungu katika waliyoyaacha wazazi na jamaa, yawe kidogo au mengi. Neno hilo "kidogo" ni jibu kwa wote wanaosema kuwa shamba ni dogo mno. Kwa yule mzee wetu hesabu ni nyepesi ajabu. Mke ana thumni. Kinachobaki hugawiwa watoto, mwanamume fungu mara mbili ya mwanamke. Katika eka 4, mjane anapata nusu eka, kila binti nusu eka, na kila mwana wa kiume eka moja. Wana wa kiume wawili wamepata nusu nzima ya shamba, na bado kuna watu wanaosema kuwa faraidhi itawamaliza.

Hata hivyo hofu ya baba mdogo si ya kudharauliwa. Eka 4 za mlimani, zikikatwa vipande sita, kila kipande kinakuwa kama ua wa nyumba, na binti aliyeolewa mbali hawezi kuja kupalilia tangawizi. Wanachuoni walilijua hilo zamani, nao wana mlango unaoitwa takharuji: mrithi, kwa hiari yake na baada ya kulijua fungu lake, hupatana na warithi wenzake wampe kitu kinacholingana naye akatoka katika shamba. Ndugu wa kiume wanaweza kulibakisha shamba zima mikononi mwao kwa njia hii, hata kwa kulipa kidogo kidogo kila mavuno. Sharti ni kwamba fungu litambuliwe kwanza, na hiari iwe hiari kweli. Binti anayeambiwa "samehe tu mwanangu, usiwavunje ndugu zako" mbele ya wazee ishirini hajaulizwa hiari yake.

Sasa kuna jambo ambalo wengi hawalijui, nalo ni zito kuliko yote niliyoyataja. Sheria za nchi yetu zinaitambua mirathi ya Kiislamu. Lakini Muislamu Mwafrika akifariki na warithi wakagombana, mahakama huweza kuuliza ni sheria gani imhusu, ya Kiislamu au ya kimila, na katika kuamua hutazama namna marehemu alivyoishi na nia aliyoidhihirisha. Alifunga ndoa vipi, alizikwa vipi, alisema nini kuhusu mali yake, aliandika nini. Mtu anaweza kuswali miaka hamsini, kisha ndugu zake wakasimama mahakamani kueleza kuwa alikuwa mtu wa mila, alihudhuria matambiko, na mambo ya ukoo aliyaendesha kwa taratibu za ukoo. Ushahidi huo ukikubaliwa, mabinti zake watakuwa warithi wa daraja la tatu. Wengi wetu tunaoona si kitu kuchangia mbuzi wa tambiko la mvua, kwa ajili ya kuwaridhisha wazee tu, hatujui kwamba tunawaandikia watoto wetu sheria ya kurithiwa. Karatasi moja, yenye saini na mashahidi, isemayo kuwa mimi ni Muislamu na mali yangu igawiwe kwa sharia ya Kiislamu, ingetosha kuwaondolea watu taabu kubwa. Si wasia wa kumwongezea mrithi, kwani huo haujuzu, bali ni kuidhihirisha nia. Ni misikiti mingapi katika wilaya yetu inayowakumbusha waumini jambo hili hata mara moja kwa mwaka?

Wala serikali yenyewe haikusimama pale ilipokuwa mwaka 1963. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, katika kifungu cha 20, inabatilisha kanuni yoyote ya kimila inayomnyima mwanamke umiliki au matumizi halali ya ardhi. Kabla ya hapo, mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua katika kesi ya Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake, kwamba kanuni ya kumzuia ilipingana na haki zilizomo katika katiba. Mahakama ya dunia ilifika hapo kwa njia yake, karne nyingi baada ya aya kuteremka. Na sisi tulio na aya tungali tukisema hiyo ndiyo mila yetu.

Kikao cha ukoo ule kimeitishwa tena baada ya mavuno ya tangawizi. Baba mdogo amenitumia ujumbe niende na msahafu wenye tarjama, kwani anataka kuisoma mwenyewe ile aya ya Nabii Yusuf kuhusu milla ya baba zake. Binti naye ameomba nakala ya ile sheria ya mwaka 1999. Mjane, ambaye tangu siku ya mazishi hajaulizwa jambo na mtu yeyote, ameniuliza kwa sauti ndogo kama nusu eka yake inaweza kuwa upande ule wa chini, karibu na mfereji wa ndiva. Nimemwambia nitalisema jambo hilo la kwanza, kabla ya mengine yote.